Reli ya Mnarani

Kwa miaka ishirini na sita, kila nyangumi walipoingia bandarini, Bi Mwanasiti aligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mnarani, na meli zote zikazima injini mpaka wapite. Leo afisa wa bandari alipanda na barua na spana.

"Shikamoo, Bibi. Nyangumi wameshaongezeka, wametolewa kwenye orodha ya wanaolindwa. Meli hazitasimama tena."

"Marahaba. Alhamdulillahi." Alifurahi kweli, aliwajua tangu wakiwa kumi na wanne tu. "Na wao, nani atawaambia?"

Afisa alicheka, akidhani ni utani. Akaifungua reli, akashuka nayo begani.

Bi Mwanasiti alibaki na nondo ya kugongea mkononi. Chini, yule nyangumi jike mwenye mkia uliochanika alikuwa akiingia na mwanawe ubavuni. Meli ya shehena ilikuwa inatoka, inanguruma. Zamani nyangumi waliukimbia mngurumo huo. Bi Mwanasiti ndiye aliyewazoesha kutoukimbia, kwa kuwa kila alipogonga ulizimika.

Akaupiga ukuta kwa nondo, akaupiga tena. Chokaa ilimwagika tu, bila mlio.

Jike akazidi kuja, taratibu, kama mtu anayeingia kwake.