Soksi za Ukutani

Taisto alitoka majini, kwenye tundu la kuogelea lililokatwa katika barafu ya ziwa, akivuta pumzi taratibu, kama alivyoelekezwa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja, vidole vyake vyenye baridi yabisi vilikunjuka bila maumivu.

Miaka yote hiyo mkewe alimbembeleza waje wote wawili kuogelea ziwani. Naye alimjibu, "Nenda kacheze na mabata wenzako!"

Kwenye kibanda cha kando ya ziwa, mama anayewasha sauna, chumba cha mvuke wa moto, alimwonyesha ukutani. "Zile soksi za sufu ni zako, mzee wangu. Marehemu mkeo alizitundika pale kila Jumamosi. Alikuwa akisema, 'Leo huenda akaja.'"

Taisto alizivaa. Ya kushoto ilikuwa imefumwa pana zaidi, pale pale kifundo chake cha mguu kinapovimba.