Meza Mbili za Unga

Bibi alivua ndala mlangoni, akaziweka kando, ndipo akaingia. Karani akashangaa. Ghalani humo watu waliingia na matope yao yote, wala hakuna aliyejali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Wenzako wa uani wamenituma kwako. Wajukuu nimewaacha na uji wa jana, tena maji matupu."

Karani akashusha pumzi. Mashirika mawili yalikuwa yameingia ubia: lake liliwapa unga waliorudi makwao, lile la uani liliwapa waliokimbia makwao. Mkutanoni wakubwa walipigiana makofi. Kwa mwenye njaa ilikuwa balaa.

"Umerudi lini?"

"Wiki hii."

"Basi wewe ni wangu. Unakaa kwako?"

"Kwangu sina pa kuingia. Tunalala kibarazani kwa watu."

"Ah! Hapo ndipo pagumu, bibi. Kwetu aliyerudi ni yule aliyeingia nyumbani kwake. Wewe bado umo kwa waliokimbia. Rudi uani."

"Huko nimetoka!"

"Waambie nimekutuma mimi."

Bibi akashika ujia wa giza wa ndani uendao uani, bila kuuliza njia. Wageni wengine wote hupotelea chooni. Haukupita muda akarudi, mikono mitupu.

"Wanasema aliyekanyaga mji wake hakimbii tena. Wamenirudisha kwako."

Mwenye nyumba, mzee mcheshi aliyewapangisha jengo hilo, akachungulia dirishani kumsalimu karani kama kawaida yake. Alipomwona bibi, akaikatiza salamu. Akageuka, akaondoka mbio mbio.

Karani hata hakumjali. Hasira zilikuwa zimempanda. Nyuma yake magunia yamegusa dari, na mbele yake mtu mzima anapigwa danadana kama mpira!

"Sikiliza, bibi. Mimi nimechoka, na wewe umechoka zaidi. Nionyeshe nyumba yako tu, hata kama imebomoka, hata kama wamo watu. Nikiiona kwa macho yangu, unga unatoka leo hii, na atakayefoka afoke. Iko mbali?"

Bibi akayatazama magunia mpaka kule yalikofika ukutani. Akacheka kicheko kikavu, kisicho na furaha hata chembe.

"Si mbali, mwanangu. Hapo ulipoweka meza ndipo kilipokuwa kitanda changu. Mkimbilie shemeji yangu umuulize, huyo anayewapangisha."