Gonga Mara Tatu

Koplo Gabriel aligonga chuma mara tatu kwa konzi, na Mzee Makongoro, badala ya kukiondoa kifaru, akaziachia leva zote mbili na kujiziba masikio.

"Mzee, hiyo ndiyo ishara ya kuondoka," koplo alisema, ameinamia tundu la dereva. "Au nyie mlikuwaga na nyingine?"

"Ni hiyo hiyo."

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Ilikuwa siku ya maonyesho ya zana za zamani, kwenye uwanja nje kidogo ya Bunda, na wazee waliopigana vita vya mwaka sabini na tisa waliruhusiwa kuendesha. Flora, binti yake wa kwanza, ndiye aliyemwandikisha, akawatoa Butiama alfajiri yeye na mama yake, wote wamevaa nguo za kanisani. Alidhani anampa baba yake zawadi. Mtoto wa watu, angejuaje.

Kifaru kikanguruma, kikazunguka uwanja kwa vumbi la kutosha kufunika mkutano mzima wa hadhara. Mikono ya mzee haikuwa imesahau kitu. Moyo nao haukuwa umesahau, na hapo ndipo penye kazi.

Siku ile, ng'ambo ya mpaka, mnyororo wa kifaru chao ulilegea. Kamanda alikuwa ameshakufa. Walibaki wawili, yeye kwenye leva na rafiki yake Isaya. Isaya akatoka na nyundo kwenda kuukaza. Sheria ya kazi ilikuwa moja: dereva hasogezi chuma mpaka aliye nje agonge mara tatu, kisha anamsubiri apande. Makombora yakaanza kuanguka. Isaya akagonga mara tatu. Makongoro akaondoka papo hapo, hakumsubiri, na ubavuni akaisikia ile nyundo ikigonga, ikigonga, mpaka ikaachwa nyuma.

Aliporudi Butiama alisema kombora lilimchoma Isaya, hakikubaki hata kifungo. Padri akasoma misa. Wazee wa ukoo nao, kwa kuwa hapakuwa na maiti, wakalivika shina la mgomba koti la Isaya na kulizika kwa heshima zote. Mambo yakaishia hapo: aliyezikwa amezikwa, na lango la mji wake, yaani boma lake, limefungwa hata akionekana tena. Mwaka uliofuata Makongoro akamwoa mjane wa Isaya, Wankyo. Alikuwa akimpenda tangu kabla ya vita, na hilo ndilo lililomla zaidi. Hadi leo hakujua kama siku ile aliondoka kwa sababu ya woga au kwa sababu ya mwanamke.

Miaka arobaini na ushee imepita. Baada ya Flora walizaa wana watatu wa kiume, na kila mmoja alipozaliwa Makongoro aliomba aitwe Isaya, kwani kwao marehemu hurudi kwa jina. Wankyo alikataa mara zote tatu.

"Tafuta marehemu mwingine," alimwambia, na Makongoro akaona ni haki yake, jina lenyewe linamchoma.

Alitoka kwenye kifaru. Koplo akamwambia achukue ile Landrova kuukuu ya jeshi, ampakie na mama, mzunguko mmoja tu. Wankyo akapanda, akapakata mkoba wake kama yuko kwenye basi la Nyamuswa. Walipofika mwisho wa uwanja, mbali na watu, Makongoro akazima injini.

"Mama Flora, nina jambo. Ukitaka kuniacha nikishalisema, Flora atakupeleka kwa kaka yako kule Makoko."

"Uzee huu niende Makoko kufanya nini? Sema."

Akasema. Alisema nyundo, akasema kugonga, akasema uongo aliokuja nao Butiama. Alilia bila kujificha, mikono kwenye usukani, na aibu ikamshika hata akashindwa kumtazama mke wake.

"Sikumwona akifa," alisema. "Nilimwacha mzima, anagonga. Nimekula chakula chako miaka yote hii, na mume wako nimemuua mimi."

Wankyo alitazama mbele. Akafungua mkoba, akatoa leso. Makongoro alidhani ni yake, akanyoosha mkono. Lakini Wankyo alijifuta macho yeye mwenyewe.

"Hukumuua," alisema. "Alirudi. Ilikuwa miezi miwili baada ya kuzika ule mgomba, siku hiyo mama mkwe yuko shambani. Alisimama langoni anachechemea, akaniomba maji. Nikampa kata, akanywa yote."

Makongoro akamgeukia.

"Kisha nikamwambia mtu aliyezikwa haingii mji," Wankyo alisema. "Nilikuwa nimeshakukubali wewe, Baba Flora."