Koo la Mgono

Mara ya kwanza Byabato alitaka niupake rangi. Mara ya pili akasema ni mrefu mno, niupunguze. Leo karudi tena barazani kwangu Kirumba, anachungulia ndani ya mgono wangu wa kutegea samaki. Anautaka autundike hotelini kwake, na taa ndani.

"Mama, hivi vijiti vya ndani vitoe. Balbu haipiti."

"Hilo ndilo koo," nikamwambia. "Babu yangu kule Ukerewe alinichapa miaka miwili mpaka nikajua kulisuka. Bila koo, hilo ni tenga tu."

"Lakini halina kazi, mama."

Nikachukua kisu. Kusema kweli nilishachoka kubishana.

Kabla sijakata, akaingiza mkono kunionyesha vijiti vyenyewe. Ukapita vizuri hadi kwenye kiwiko. Alipouvuta, ncha zote zikamgeukia, zikamchoma ngozi juu ya saa yake.

"Mama! Hautoki!"

"Usivute, baba. Ukivuta ndiyo zinazidi kukushika."

Nikaweka kisu chini, nikajimiminia chai.

"Haya, nieleze vizuri. Lina kazi, halina?"