Mafundo ya Sajini

Kavinya alikaza fundo la tatu kwa meno, kisha akakisukuma kitambaa nyuma ya debe la unga. Ndani yake mlikuwa na kipande cha mapafu ya mbuzi kutoka machinjioni Kiamaiko. Vitambaa vingine alikuwa ameshavificha, kimoja ndani ya buti la mvua, kingine chini ya karai. Sajini alimtazama, masikio yamesimama, mkia ukipiga sakafu.

"Fanya kazi," Kavinya alimwambia. "Usiniaibishe."

Alitoka, akafunga mlango kwa ufunguo, akausukuma mara mbili kuhakikisha. Hofu haikupungua. Kitasa kilikuwa cha zamani, cha nyumba za kanjo, baraza la jiji, cha aina inayofunguka kwa funguo za nusu ya mtaa wa Shauri Moyo. Ndiyo maana alimhitaji mbwa.

Alikuwa ametoroka mtaa wa Pipeline baada ya mumewe, Mwanzia, kumvunja mkono. Aliondoka mchana, Mwanzia akiwa kazini, na hakubeba ila begi la nguo na Sajini. Mwanzia alikuwa amekwisha kumwahidi, bila hata kupandisha sauti, kwamba popote atakapokwenda atampata. Tangu hapo Kavinya hakupita kona bila kutazama nyuma. Hata Gikomba, alikouza nguo za mitumba, aliwahi kujificha nyuma ya robota kwa sababu ya mabega ya mtu asiyemjua, yaliyofanana na ya Mwanzia.

Nyumbani alijipa moyo. Sajini alibwekea kila kitu: muuza maji, paka, bati likipigwa na upepo. Mwanzia akifika, mtaa mzima utajua.

Kisha uharibifu ukaanza. Jioni moja alikuta gauni lake la kanisani limeraruliwa. Siku chache baadaye ikawa godoro, sponji imetapakaa chumba kizima. Sajini, ambaye kule Pipeline hakuwahi kutafuna hata slipa, alikuwa amelala katikati ya uchafu ule akitweta kwa furaha.

Omolo, aliyempangishia chumba, hakuzungusha maneno. Alisema kitu kingine kikiraruliwa, mbwa ataondoka, na asipoondoka kwa miguu yake ataondoka kwa sumu. Usiku huo Kavinya hakupata usingizi. Bila mbwa, kati yake na Mwanzia kungebaki kitasa kile tu.

Alimpeleka Sajini uwanjani siku daktari wa mifugo alipokuja kuchanja mbwa. Daktari alimkagua, akasema mbwa ni mzima kabisa, shida ni upweke. Mbwa akifungiwa kutwa bila shughuli, akili yake huchoshwa na kukaa bure, naye hujitafutia kazi kwa meno. Alimshauri Kavinya awe anaficha chakula ili mbwa akitafute kwa pua. Mbwa akikipata upesi, Kavinya akifunge ndani ya kitambaa. Pua ikiwa na kazi, meno yatatulia.

Na yalitulia. Jioni ya kwanza Kavinya alikuta vitambaa vyote vimefunguliwa, nyama imeliwa, na hakuna kitu kilichoguswa. Akaongeza fundo la pili, baadaye la tatu. Yote yalifunguliwa. Kwa mara ya kwanza tangu Pipeline, alijisikia akicheka peke yake.

Batulo, jirani aliyetenganishwa naye na ukuta mmoja, alimsimamisha kwenye mfereji wa maji.

"Dada, unajua mimi na mbwa hatupatani, dini yangu hairuhusu," alisema. "Lakini huyu wako siku hizi ana adabu. Mchana habweki kabisa. Namsikia tu akitembea."

"Anatafuta chakula chake."

"Basi anatafuta kwa miguu mizito. Mpunguzie nyama, atakuwa ndama huyo."

Walicheka wote wawili, na Kavinya akapeleka habari hiyo Gikomba pamoja na nyingine. Alikuwa amemsifu Sajini mpaka wenzake wakachoka. Walitaka kumwona kwa macho yao.

Kwa hiyo asubuhi moja, akiwa ameshaficha vitambaa kama kawaida na mkono uko kwenye kitasa, aliwakumbuka. Alirudi ndani, akamfunga Sajini kamba, wakatoka pamoja.

Gikomba, Jackton muuza viatu alileta kipande cha utumbo, Kavinya akakifunga ndani ya kitambaa kwa fundo moja jepesi. Watu wakazunguka. Sajini alinusa. Alikipiga kwa ukucha, akakitafuna, akakilowesha mate mpaka fundo likakaza zaidi. Mwishowe alikilalia, akasinzia.

"Mama, profesa wako amefeli darasa la kwanza," Jackton alisema, na watu wakavunjika mbavu.

Kavinya alijibu kwamba mbwa ameona haya, watu ni wengi mno, nyumbani hufungua hata mafundo matatu. Lakini mchana huo kazi haikumwendea. Alimrudishia mteja chenji mara mbili. Alikiokota kile kitambaa kilicholowa, akakitazama kwa muda mrefu, akakitupa.

Walirudi jua likiwa bado juu ya mapaa. Mlango ulikuwa umefungwa vilevile alivyouacha. Kavinya alizungusha ufunguo na kusukuma, kamba ya Sajini ikiwa mkononi.

Vitambaa vilikuwa mezani, vyote, vimefunguliwa na kukunjwa vizuri. Nyama ilikuwa kwenye sahani ya Sajini, imepangwa, haijaliwa.

Kamba ikamponyoka. Sajini aliipita nyama bila kuigusa, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye pazia lililoziba kitanda. Hakubweka. Alilala chali mbele ya pazia, tumbo juu, mkia ukifagia sakafu, kama alivyokuwa akimlaki mtu mmoja tu kule Pipeline.