Udongo Unaolowa Jumapili

Kila Jumapili, ibada ikielekea mwisho, udongo wa mji mdogo wa Corley ulilowa.

Haukulowa kwa mvua. Mvua ilikuwa imesahau njia ya kuja magharibi mwa Oklahoma tangu Aprili. Ulilowa mahali pamoja tu, penye kipimo cha unyevu, ile fimbo yenye waya iliyozikwa malishoni nyuma ya kanisa la Kibaptisti. Kaunti nzima ilikuwa na kipimo hicho kimoja. Kikionyesha ukavu majuma manane mfululizo, serikali inawaletea wafugaji marobota ya nyasi. Kikionyesha unyevu hata mara moja, hesabu inaanza upya. Na tangu Juni ilikuwa ikianza upya kila Jumapili.

"Kuna mtu anamwaga maji," alisema Harlan Stobaugh. Harlan akishasema, Corley haina haja tena ya kufikiri, na kwa kweli haikuwa na mazoea hayo.

Alikuwa shemasi. Alikuwa na ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote pale, na maoni mengi kuliko ng'ombe. Nyasi zisipofika kabla ya Oktoba, kundi lote alilorithi kwa babu yake lingepakiwa kwenye malori likauzwe mnadani kwa bei ya ngozi. Alihitaji mwovu, na mwovu hakuwa mbali. Emil Krivanek, aliyepakana na kanisa upande wa kaskazini, hakuwa mtu wa kusali. Saa ya ibada kila mkazi alikuwa kwenye benchi lake isipokuwa yeye.

Emil alimkabili dukani, mbele za watu. "Nimwage maji ili nipate nini, Harlan? Kwani ng'ombe wangu wanakula mawe?"

"Roho mbaya haihitaji faida. Ilianza juma lile lile tulipoanza kuombea mvua. Shetani hana likizo, bwana."

Kuhusu juma hakukosea. Ukame ulikuwa umejaza kanisa kuliko Pasaka yoyote. Watu ambao Mungu alikuwa amekwisha kuwasahau sura walibatizwa wawili watatu kila Jumapili, na wengine walirudia, maana ubatizo wa kwanza, walidhani, haukushika.

Jolene Ahtone, fundi wa vipimo kutoka chuo kikuu, alikuja kukagua akabaki akikuna kichwa.

"Bwana Harlan, kuna kitu hakiniingii akilini," alisema. "Maji yakimwagwa, udongo wa juu ndio hulowa kwanza. Huu unalowa chini. Juu ni vumbi tupu."

"Binti, mimi nimezaliwa juu ya udongo huu. Usinifundishe."

"Sikufundishi. Nakwambia kipimo kinavyosema."

"Basi kiambie kinyamaze mpaka tumshike mtu wetu."

Wakaanza kumshika, kwa namna ambayo watu wema hushika. Duka la chakula cha mifugo likawa limeishiwa chumvi kila Emil alipoingia. Lori lililosambaza maji kwa wafugaji wote likawa halioni geti lake. Waliompa mkono jana, leo wakampa kisogo, na wakiwa wamempa kisogo walimwombea kwa sauti. Ndama wake watatu wakafa kwa kiu. Corley ikasema hiyo ndiyo hukumu, ikaenda kula pai.

Mkono usioweza kuukata, ubusu. Mwisho wa Julai Emil alivua kofia mlangoni kwa Mchungaji Dale Pettit.

"Nibatize, mchungaji," alisema. "Sitaki maneno mengi. Jumapili nitakuwa mbele yenu wote, mchana kweupe, mwone mikono yangu iko wapi."

Harlan alifurahi kupita kiasi. Jumapili hiyo ilikuwa ya mwisho. Udongo ukilowa tena, majuma manane yasingetimia kabla ya Oktoba. Akamtaka Jolene akae malishoni asubuhi yote, achimbe shimo kando ya kipimo na kupiga simu ibada ikikaribia kwisha. Alitaka kanisa zima lisikie jinsi udongo unavyobaki mkavu mwovu akiwa mbele ya macho ya watu.

Siku ikafika. Emil alishuka kwenye hodhi la ubatizo, nyuma ya kwaya, amevaa kanzu nyeupe iliyoishia magotini. Hakumtazama mtu. Mchungaji Pettit akamshika shingo, akamzamisha.

"Zaidi kidogo," alinong'ona Harlan, aliyekuwa amesimama pembeni na taulo. "Huyu ana mengi ya kuoshwa."

Wanawake walilia. Wanaume waliguna kwa kuridhika, kana kwamba wao ndio waliomuumba upya. Emil akapanda ngazi akitiririka maji yenye harufu ya dawa, akakaa benchi la mbele kama alivyoahidi, mikono juu ya magoti. Kwaya ikaanza kuimba. Harlan akainama, akang'oa kizibo cha hodhi kama afanyavyo kila Jumapili, akapangusa mikono.

Walikuwa kwenye ubeti wa pili simu yake ilipolia. Akainyamazisha kwaya kwa kidole kimoja, akawasha spika, akaiinua juu kama kombe la ushindi.

"Sema, binti. Kanisa linakusikia."

"Bwana Harlan, yanaingia!" Jolene alikuwa anahema. "Yanachimbuka humu shimoni sasa hivi, tena yanatokea upande wenu. Hapa hakuna mtu, naapa, niko peke yangu. Na yananuka ile dawa ya mabwawa ya kuogelea."

Nyuma ya kwaya, hodhi liliendelea kukoroma likiishiwa maji.

Emil, maji yakimdondoka ndevuni, ndiye aliyesema kwanza.

"Shemasi," alisema, "rudisha kizibo."