Kiganja Kwenye Boneti

Nilikanyaga breki, gari likateleza kidogo, na pua yake ikamgusa goti bibi anayevusha watoto wa shule.

Hakuanguka. Aliegemeza kiganja kwenye boneti, iliyojaa ile chumvi ya kuyeyushia theluji. "Umelala, baba? Hawa watoto hawana spea."

"Samahani, mama. Breki bado hazijapata moto."

Pedi za breki nilizifunga mwenyewe Jumapili, za magari ya mashindano, zisizoshika mpaka zipate moto. Nilitaka gari hilohilo linipeleke kiwandani wiki nzima, kisha Jumamosi nikalikimbize kwenye uwanja wa mbio. Kununua jingine la mbio tu niliona anasa.

Jioni nilirudi hoi. Gari la mke wangu, Janelle, lilikuwa limegoma kuwaka kwa baridi, naye alishampakia mtoto kwenye langu, wakaogelee.

Akakiona kile kiganja kwenye chumvi, vidole vyote vitano. Akaweka chake juu yake. Kile cha kwenye chumvi kilikuwa kidogo kuliko chake.

"Nani huyu kakushikia gari?"

Nilikuwa nimechoka hata kudanganya.

"Haya, lete funguo. Tumechelewa."

Nikazifumbata mpaka zikaniuma.

"Mteremshe mtoto. Breki hazishiki," nikasema.